Ngege wa Chini ya Kidaraja

Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza watu ziwani. Nasema ziwa kwa sababu ndivyo walivyoliandika wauzaji wa nyumba kwenye karatasi zao za rangi, lakini lilikuwa bwawa la kuchimbwa, limezungukwa na majumba ya wenye nafasi, upande ule wa Dubai wa kuelekea Jebel Ali. Lilikuwa na kidaraja cha mbao, matete ya kupandwa, na mashine tatu za kurusha maji juu bila sababu. Kibao kilikataza kuogelea, kulisha bata na kuvua samaki. Nilivaa kofia na redio begani nikahakikisha kibao kinaheshimiwa. Niliwafukuza Wafilipino, nikawafukuza watunza bustani wa Kibangali, nikamfukuza hata mzungu mmoja ambaye kumbe ni mwenye nyumba pale pale. Aliniripoti, nikaambiwa nimwombe radhi, nikamwomba.

Samaki walikuwepo, tena wengi. Walitiwa humo ili wawe wanakula viluwiluwi vya mbu, wakazaana. Mimi sikuwajali. Ni mtoto wa Mombasa, nimekua kwa changu na tafi wa baharini, na kwetu samaki wa maji baridi ni kitu cha kuonewa huruma. Ana ladha ya tope, na atakayekwambia vinginevyo ujue hajala samaki. Neno hili nilimwambia mwenzangu wa zamu siku ya kwanza tulipopangwa pamoja, na yeye alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo ya Homa Bay, kazaliwa Ziwa Victoria linapopiga mlango. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesema jambo la aibu mbele ya wageni.

Alikuwa na umri wa baba yangu mdogo. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita Mswahili, na akiniudhi nilimwita mbara. Tuliishi nyumba moja Discovery Gardens, wanaume wanane katika chumba na sebule, miaka ile treni haijafika kule. Kitanda chake kilikuwa cha chini kwa ajili ya magoti, changu cha juu yake. Kazini tulizunguka bwawa pamoja, na kila tulipofika kidarajani alisimama. Alitazama maji kidogo, kisha akasema pale wako saba, na mkubwa yuko nyuma ya nguzo ya tatu. Mimi niliona maji ya rangi ya chai basi. Aliniambia nisitazame maji, nitazame kivuli. Mkono hakuwahi kuutia, kwa sababu kazi ni kazi na kibao ni kibao, lakini nadhani zile dakika mbili za kidarajani ndizo zilizokuwa zikimtia nguvu ya kumaliza zamu.

Ugonjwa ulianzia kwenye mkanda wake wa suruali. Mikono na shingo vilikuwa vinakwisha, lakini mkanda kila wiki ulisogea tundu moja mbele, tumbo likivimba. Kisha macho yakawa ya manjano. Alisema ni jua. Nilimuuliza jua gani linampaka mtu rangi ndani ya macho, tukagombana, hatukusemezana siku mbili, na siku ya tatu nikamchukua kwa nguvu kwenda kliniki moja ya Oud Metha. Walimpiga picha, wakamtoa damu, wakatuambia turudi baada ya siku nne. Tuliporudi, daktari, mama wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, aliifunga kompyuta yake kabla ya kusema.

Alisema ni ini, na kwamba limeshakwenda mbali. Hakuzunguka. Alisema dawa ya kuliponya hana, na huenda hata Kenya hawana, lakini Kenya ana watu wake. Aende sasa, wakati bado anaweza kuketi kwenye kiti cha ndege saa tano mfululizo. Barua ya kumruhusu kusafiri anaweza kuiandika leo. Baada ya mwezi hataweza kuiandika, wala daktari mwingine yeyote, na hakuna ndege itakayompakia. Mzee alimshukuru kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, akamwuliza na habari za watoto wake, tukatoka.

Nje kulikuwa na joto la kukaanga yai, tukaingia kituo cha basi, kile cha vioo chenye kiyoyozi. Basi la kwanza likapita, la pili likapita, mzee hakuinuka. Meneja wetu hakuwa tatizo, tiketi angeikata siku hiyo hiyo, maana mgonjwa kazini ni mzigo. Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe.

"Siwezi kumpigia mke wangu nikamwambia nakuja kufa," akasema. "Mdomo wangu hautafunguka. Lakini akiniita, nitaenda siku hiyo. Huyo mwanamke sijawahi kumkatalia kitu. Anakupenda wewe, na atakuuliza. Akikuuliza, mwambie ilivyo. Usipunguze."

Nikamwambia nitamwambia. Nilisema haraka, kwa sababu nilitaka mazungumzo yale yaishe.

Wiki ile ile akaacha kula. Wali aliusukuma, chapati aliisukuma, uji aliuonja akauweka chini ya kitanda ukaota ngozi. Nilipanda basi mpaka soko la samaki la Deira nikachagua changu mwenye macho maangavu, nikampika kwa tui zito kama alivyonifundisha mama. Wale wengine chumbani walikuja wakilambalamba midomo. Mzee alinusa, akageukia ukutani, akasema samaki ananuka chumvi. Mimi nikanuna. Nikaenda dukani nikamletea ngege, samaki wa ziwani kwao, lakini wa barafu, wa kutoka Uchina, amefungwa kwenye plastiki hana kichwa. Alimbonyeza kwa kidole mara moja tu akasema huyu amekufa mwaka jana.

Basi nikamuuliza, kwa hasira, anataka kula nini hapa duniani. Akasema angekula ngege aliyetoka majini leo, mzima, na kichwa chake. Ngege wa namna hiyo tulijua yuko wapi, na tulijua nani analipwa kumlinda.

Hapo ndipo nilipogeuka mwizi wa kile nilichokuwa mlinzi wake. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi kule sheria inakataza kazi za juani tangu saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa. Watunza bustani hulala chini ya miti, mamadamu wenye nyumba wako ndani na viyoyozi vyao, mbwa wenyewe hawatoki. Anayetembea saa hizo ni mlinzi tu, na mlinzi alikuwa mimi. Nilinunua mshipi na ndoana katika duka la vifaa vya uvuvi Deira. Muuzaji alinionyesha ndoana za nguru, nikamwambia ndogo zaidi, akanionyesha nyingine, nikamwambia ndogo zaidi, mwisho akacheka akaniuliza kama navua sisimizi. Mshipi niliuzungusha kwenye chupa ya maji nikauficha ndani ya mfuko wa chakula.

Siku ya kwanza nilivua kipwani. Nilitia chambo cha kamba wa baharini kwenye ndoana, nikasimama juu ya kidaraja kifua mbele, nikatupa mbali katikati ya bwawa, karibu na ile mashine ya kurusha maji. Sikupata kitu. Siku ya pili nikatupa mbali zaidi, na bado sikupata. Mimi mtoto wa bahari nilirudi na mkono mtupu kutoka kwenye bwawa ambalo ungeweza kulizunguka huku sigara moja haijaisha.

Mzee alinihoji pale kitandani. Maji yako vipi. Upepo watoka wapi. Bata wamekaa wapi. Umetupa wapi. Nilipomwambia katikati, alifumba macho akaniuliza kama mimi saa saba mchana, jua la Dubai, ningekwenda kukaa katikati ya uwanja. Ndipo akaanza kunifundisha, kwa sauti ya chini, akipumzika kila maneno matatu. Nitafute kivuli, na ndani ya kivuli nitafute maji yanayotembea. Chini ya kidaraja, nguzo ya tatu, kuna bomba linalorudisha maji kutoka kwenye pampu, na pale maji yana ubaridi kidogo na pumzi. Nisisimame juu, watauona mwili wangu. Nishuke, nichutame kwenye mawe, ninyamaze. Kamba niwaachie bahari yao. Nisonge ugali mgumu, nifinyange kidonge kisichozidi punje ya choroko. Kwa boya nikate kipande cha kandambili kuukuu.

"Na ngege wakati wa joto hakai chini, wala hakai juu," akasema. "Anasimama katikati ya maji. Anza chini kabisa, kisha pandisha ndoana shibiri moja, ungoje. Pandisha nyingine, ungoje. Ukimpata mmoja, usibadilishe kimo. Wote wako hapo."

Nilichutama pale chini ya mbao, jasho likinitiririka ndani ya viatu, nikafanya kama nilivyoambiwa. Shibiri ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kile kipande cha kandambili hakikuzama. Kiliondoka kando, polepole, kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa uzi. Mimi nikafanya tunavyofanya kwa changu, nikang'oa kwa nguvu. Ndoana ikarudi na kipande cha mdomo. Jioni nilipomsimulia mzee, alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kliniki, na kicheko kilimuuma tumbo mpaka akalishika kwa mikono miwili. Akaniambia ngege havutwi, ananyanyuliwa, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala.

Siku ya nne nikanyanyua. Wa kwanza alikuwa na kidevu kimevimba, na nilikuwa nimeambiwa huyo ni mama, ana watoto mdomoni, nikamrudisha. Wa pili alikuwa mpana kuliko kiganja changu, mweusi mgongoni, tumbo jeupe, anapiga mkia kwenye mawe kwa kelele ya kunitoa roho. Nilimfunika kwa kofia ya kazi. Nikamtia kwenye mfuko wenye barafu, nikauvaa mfuko tumboni chini ya shati, nikamaliza zamu nikiwa na baridi kitovuni na joto kila mahali kwingine. Madam mmoja alinisalimia nikaogopa hata kuinama.

Nilimpika kwa amri zake. Hakuna tui, hakuna pilipili, ndimu kidogo sana. Maji, chumvi, kitunguu, nyanya mbili, na samaki mzima. Harufu ilipofika kitandani, mzee aliomba aketishwe. Tulimwekea mito mgongoni. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akamtazama yule ngege, akasema, "Huyu ni yeye." Kisha akaniambia nipige picha nimtumie mkewe. Alitabasamu vizuri. Sahani ilimkinga tumbo, na mwanga wa dirishani ulimtoa ule umanjano usoni. Ukiiona picha ile utasema ni mtu aliyetoka shambani na njaa.

Alikunywa mchuzi vijiko viwili. Kijiko cha tatu kilirudi. Alijifuta, akapumzika, akanisukumia sahani akasema nile mimi, nisimwache akapoa. Nikala. Mungu anisamehe, alikuwa mtamu, na hakuwa na ladha ya tope hata chembe. Nilimla mpaka nikamfyonza macho, na mzee akinitazama kwa raha mpaka usingizi ukamchukua.

Haikupita nusu saa simu yake ikalia mkononi mwangu. Alikuwa mkewe. Hatukuwahi kuonana, lakini tulikuwa tukiitana shemeji kwa miaka mitatu. Hakuuliza habari za kazi wala hali ya hewa.

"Shemeji, niambie ukweli. Sauti ya huyu mtu imebadilika. Nimwite arudi nyumbani?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonyooka kuliko hilo. Mlango aliufungua yeye mwenyewe, nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Nami nikasema, "Hajambo, shemeji. Anaendelea vizuri kabisa, alhamdulillahi. Leo kamaliza samaki mzima. Si umeiona picha?"

Nikamsikia akishusha pumzi, kisha akacheka, kisha akasema maneno ya kwao yenye jina la Mungu ndani yake. Akasema basi asikimbie, amalize mkataba, aje na likizo yake kama watu wengine.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si kwamba nilipanga. Sisi tumelelewa hivyo, na ninaposema sisi nasema kwetu pwani. Ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama homa inakutikisa meno. Habari huwa njema kwanza, mbaya huja baadaye, polepole, mtu akiwa amekaa, ameshapewa maji, na kuna jamaa pembeni wa kumshika. Baba yangu alipofariki niliambiwa kwa simu kwamba hali yake si nzuri sana, nijaribu kuja, na tayari walikuwa wamemzika. Sikuwalaumu. Ndiyo adabu. Habari mbaya humtupii mtu kwa simu, tena mwanamke, tena jioni, yuko peke yake na watoto. Nilijiambia nitamwacha alale leo, kesho nitamwambia taratibu. Lakini watu wa Ziwa hawana zunguko hilo. Kwao ukiuliza umeuliza, na ukijibiwa umejibiwa, mambo khalas. Yeye aliniuliza kwa adabu ya kwao, nami nikamjibu kwa adabu ya kwetu.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sare. Mzee akaniuliza kama mkewe alipiga. Nikasema alipiga. Akauliza kama nimemwambia.

Ningeweza kusema bado. Lakini nilimwona jinsi alivyonyanyua shingo kutoka kwenye mto, na nikaona haya.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema wewe ndiye utakayeamua."

"Hakusema nije?"

"Hakusema."

Alirudisha kichwa chini akatazama mbao za kitanda changu. Akasema, "Haya." Akaniomba nimsogezee maji.

Tangu siku hiyo nilivua kama mwendawazimu. Nilijipa hesabu ya kijinga, kwamba mzee akila samaki mzima, hata mmoja, nitakuwa sikusema uongo, niliitangulia habari tu. Na akila atapata nguvu, na akipata nguvu atakaa kwenye kiti cha ndege, na mambo yote yatarudi mahali pake bila mimi kufungua mdomo. Kila mchana nilikuwa chini ya kile kidaraja. Nilikuja kuwajua wale samaki. Nilijua kwamba kukiwa na upepo wa vumbi wanapanda shibiri moja, na mashine za maji zikizimwa wanahamia kwenye matete. Nilijua kumngojea mkubwa mpaka wadogo wachoke kudonoa. Nilipata wawili, siku nyingine watatu. Mtu wa bahari niligeuka mtu wa bwawa, na ningejivunia kama mambo yangekuwa mengine.

Siku moja yule mtunza bustani wa Kibangali, niliyemfukuza pale pale miezi michache nyuma na kumtishia kwa redio, alinikuta nimechutama na mshipi mkononi. Alinitazama. Akatazama samaki. Akachukua ndoo yake akaenda zake. Afadhali angeniripoti.

Mzee alionja kila mmoja. Mwanzo vijiko viwili, kisha kimoja, kisha akawa anachovya ulimi tu, kwa heshima yangu. Hakukataa hata siku moja. Picha tulizipiga, maana mkewe alizitaka, na kila picha nilimgeuza zaidi kuelekea dirishani. Simu za mkewe alipokea lakini hakuzungumza naye marefu. Yeye alikuwa anangoja aitwe, na mkewe alikuwa anangoja amalize mkataba, na kila mmoja alimwona mwenziwe amekuwa mtaratibu tu. Nilikuwa nimelala juu yao wote wawili, nasikia.

Nilijaribu kulirekebisha. Wallahi nilijaribu. Jumapili moja nilitoka mpaka kwenye maegesho ya magari, nikampigia shemeji, maneno nimeyapanga. Kabla sijasema akaniambia ametoka kanisani sasa hivi, ametoa ushuhuda. Ameipitisha simu benchi kwa benchi watu waione ile picha ya mumewe na samaki, kanisa zima limesimama, mchungaji amemwombea na mimi pia, yule Mwislamu anayemlisha mume wake kama ndugu. Alikuwa analia kwa furaha. Nikamwambia amina. Nikakata simu nikakaa pale juu ya ukingo wa maegesho mpaka makalio yakaungua.

Baada ya hapo sikujaribu tena. Nasema hivyo bila kujipamba. Nilikuwa mwoga, na nilikuwa na samaki wa kuvua.

Mchana mmoja nilirudi na ngege mkubwa kuliko wote, bado anafungua na kufunga mdomo ndani ya mfuko, nikakuta gari la wagonjwa chini ya jengo letu. Wenzetu walikuwa wameliita, ametapika damu. Nilipanda naye nikiwa na mfuko uleule, na hospitali nzima ilinuka bwawa mpaka nesi alipouchukua akautupa.

Meneja alileta tiketi mwenyewe, na kwa hilo simsemi vibaya. Lakini shirika la ndege lilitaka barua ya daktari, na daktari wa pale alikataa kuiandika. Hawezi kuketi, akasema. Wa kulala anahitaji machela na muuguzi, na hata hivyo hatafika. Nilikwenda mpaka Oud Metha kwa yule mama wa Kihindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu, kwa nini hakuondoka siku ile.

Ilibidi sasa nimpigie shemeji, na hata hapo nilianzia mbali. Nilimwambia amezidiwa ghafla. Ghafla, ndilo neno nililotumia. Alihangaika kutafuta pasipoti, viza, mtu wa kumwachia watoto, na hakuna hata kimoja kilichokuwa tayari. Mzee alikaa hospitalini siku kumi na moja. Siku ya mwisho, alasiri, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, ameamka kidogo, akili yake iko sawa kabisa. Alinishika mkono.

"Mke wangu," akasema. "Mwambie simlaumu."

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa bado ananisikia. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba mkewe hakujua kitu, kwamba angejua angemwita siku hiyo hiyo kwa sauti ya kuvunja simu. Nilifungua mdomo nikasema, "Pumzika, mzee, utapona inshallah." Alifariki kabla ya magharibi.

Mwili ulisafirishwa baada ya siku sita. Mimi sikupewa ruhusa. Nilifunga sanduku lake, nikakunja sare, nikamwekea mkewe zile picha zote ndani ya simu. Walimzika Jumamosi. Jumanne shemeji akanipigia. Sauti yake ilikuwa imekauka, hakuna kilio tena ndani yake. Alinishukuru kwanza. Alisema huko wananiombea, na kwamba nikifika Kenya nyumba ile ni yangu. Kisha akaniuliza mumewe alisema nini mwisho.

Kwetu tungekuwa na la kusema. Tungesema alikutaja, alikusalimia, alikwenda kwa amani anatabasamu. Nilikuwa nalo mdomoni tayari, limeshaiva.

"Alisema nikwambie hakulaumu," nikasema.

Nilisikia kuku wa kwao.

"Kwa lipi?"

Nikamweleza. Nilianza na kliniki na barua ya daktari, nikaja kituo cha basi na maneno niliyoagizwa. Nikamwambia ya vile vijiko viwili na ni nani aliyemla samaki. Nikamwambia nilichomjibu yeye jioni ile, na nilichomjibu mumewe asubuhi yake. Sikupunguza. Ilinichukua muda, na yeye hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo," akasema, "alikufa akiamini nilijua, nikamwacha huko."

Nikasema ndiyo.